Watu wa Makongoro Wameshushwa Darini

Nyasura,
S.L.P. 74,
Bunda.

2 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Makongoro,

Pokea salamu kutoka Bunda, ambako mvua zimeanza wiki hii na vumbi la barabara ya Musoma limegeuka tope. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia Januari kimekwisha. Sisi wazima. Mgongo wangu bado unanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini hilo ulilijua kabla hujaondoka.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu una haraka, na mimi nikiona mtu ana haraka nasahau nusu ya maneno. Binti yangu Jenipher atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo leo. Karatasi zenyewe zitakuja kwa posta, zikijaliwa. Usome mpaka mwisho. Nina habari za midoli yako na nina habari za mama, na utaona ni habari moja. Mama anaamini umekufa.

Najua hujafa. Nimelisema hivyo kwa sababu sikuona njia ya kulizungusha. Sasa tuanze na midoli.

Uliniandikia kwamba kuna mkusanyaji huko Winnipeg anayewataka wapiganaji wako wote ishirini na saba, wale uliokuwa ukiwaokota mmoja mmoja kwenye marobota ya viatu vya mitumba hapa sokoni, ila hapokei kitu kinachonuka moshi. Nilicheka peke yangu. Miaka kumi na moja wamekaa kwa mama Butiama, darini, juu ya mafiga. Mama aliwapandisha mwenyewe wiki uliyoondoka, kwa kuwa ndiko anakoweka mbegu za mtama, na kitu kilichopigwa moshi hakiguswi na mchwa wala panya. Kwa upande wa panya alifaulu, hakuna hata mmoja aliyetafunwa.

Nilikwenda Jumamosi moja mama akiwa kwenye sala za jumuiya. Nikapanda ngazi, nikawashusha kwenye foronya tatu, nikarudi Bunda bila kumsubiri. Nilifanya makusudi. Sikutaka kumwambia kwamba alichokitunza miaka yote hiyo amekiharibu kwa mikono yake. Niliona huo ndio upole.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Masizi yalikuwa yameganda kama lami kwenye viungo. Nilianza na brashi kavu ya rangi, halafu maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Wa kwanza nilimtia kwenye maji ya moto kwa pupa zangu, mikono yake ikalegea na mpaka leo ameinama mbele kama mtu anayetafuta shilingi chini. Unisamehe kwa huyo. Wawili wenye makoti ya kitambaa niliwavua, makoti nikayaloweka kwenye maji yenye siki kidogo, yakatoka safi.

Tatizo lilikuwa magoti. Unamwosha mtu, anakauka, hanuki, kesho yake moshi umerudi. Nikagundua maji machafu yanajificha ndani ya viungo. Ikabidi nimkunje kila mmoja na kumkunjua juu ya kitambaa, kisha niwasimamishe wote dirishani kivulini, maana mmoja mweupe niliyemwanika juani alianza kuwa wa njano. Mwisho niliwafungia siku nne kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na unga ule wa kuumulia maandazi kwenye vikombe na vipande vya mkaa nilivyovifunga kwenye kanga. Wateja wangu waliokuja kupimwa nguo waliuliza kama nimeanza uganga.

Wa kunusa alikuwa Jenipher. Pua yangu ilikulia jikoni kwa mama, haiwezi kuutambua moshi. Kila asubuhi alifunua ndoo akasema, "Bado, mama, wananukaga bado." Siku ya kumi na sita akasema hasikii kitu. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, nikaagiza katoni.

Siku hiyohiyo akapiga simu katekista Renatus wa kule Butiama. Akasema, "Pole na msiba, dada." Nikamuuliza msiba gani. Akasema kwa sauti ya chini, "Wa mdogo wako. Mama ameshakuja kuandikisha misa."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikaona aibu ambayo bado ninayo. Kwetu kitu cha mtu aliyesafiri hakishushwi darini mpaka mwenyewe arudi, au zije habari kwamba hatarudi. Wewe unajua na mimi najua. Nilipokuwa juu ya ngazi niliona plastiki tu. Mama aliporudi kutoka jumuiya akakuta watu wako hawapo, na jirani akamwambia kwamba Dafroza alikuja, akawabeba, akaondoka bila kusema neno.

Utasema ningemweleza tu. Nilikwenda kesho yake na katoni nzima. Nilimkuta amekaa chini kwenye mkeka, amenyoa nywele. Nikamwambia ukweli wote, kwamba u hai, kwamba unataka kuwauza, kwamba nilichukua kimyakimya kwa kumwonea huruma juu ya moshi. Akanisikiliza vizuri. Akachukua mmoja, akamnusa, akamgeuza, akamnusa tena.

"Umewaosha," akasema. "Mtu mzima anaoshwaga na watu akishakuwa maiti."

Makongoro, kazi ya siku kumi na sita, na kila nilipoifanya vizuri zaidi ndivyo nilivyozidi kukuzika.

Nikamuuliza kwa nini haniamini mimi, mwanawe. Hakukasirika. Alisema, "Baba yenu mlinificha." Alipofariki baba kule Musoma, mimi na wewe ndio tuliomwambia mama kwamba amelazwa tu na anaendelea vizuri, huku baba mdogo Nyamhanga akishusha kibuyu cha baba darini. Aliona kibuyu hakipo kabla hatujafungua midomo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha moshi, nikaumbuliwa na kifo ambacho hakipo.

Ile video uliyopiga Jumapili kwenye simu ya Jenipher haikusaidia. Wewe ulimwona ameshika simu, ukamsikia anaitikia, ukadhani ni maongezi ya kawaida. Hukusikia aliyosema ulipokata. Alimrudishia Jenipher simu akasema, "Yule mwanakwaya wetu aliyekufa na yeye anaimbaga humu." Kisha akaenda kuchambua mtama. Anakula kidogo, asubuhi tu. Halii. Ningependa alie.

Baba mdogo Nyamhanga amejaribu. Renatus amejaribu, hata amemwomba aiahirishe hiyo misa, mama akamjibu kwamba yeye Renatus si wa kuahirisha marehemu wa watu. Imewekwa Jumamosi tarehe 13 Aprili, saa moja asubuhi, nia ni kumwombea Makongoro. Renatus anasema jina aliloliandikisha mama analifuta mama, au mwenye jina afike.

Kuhusu midoli, mwambie mkusanyaji wako asubiri. Wamo kwenye katoni chini ya meza yangu ya kukatia nguo, hawanuki, na sitawatuma. Ukiniona nina roho mbaya, sawa. Najua nauli ya kutoka huko si ya kununulia maandazi, na najua kila mwaka umesema mwakani. Kwa miaka kumi na moja mama alilisikia hilo neno mwakani bila kulalamika, kwa sababu kila asubuhi akichochea moto alikuwa akiinua macho na kuwaona watu wako wapo. Mimi nimemwondolea hicho, na siwezi kukirudisha. Wewe unaweza.

Jenipher anakusalimu, anauliza kama huko kuna theluji bado. Baba mdogo Nyamhanga anakusalimu, amepata ng'ombe mwingine na anataka ujue. Boke, mke wake, anakusalimu pamoja na watoto wote. Renatus anakusalimu, ameona ajabu kidogo kunituma salamu hizo.

Mama hakutumii salamu. Anakuombea raha ya milele, kila jioni, kwa jina lako lote la ubatizo, na mimi nikiwepo naitikia amina kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mlangoni kwa mama.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Dafroza