Mafundi Watakupigia Simu

4 Machi
Mama mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, usinitumie dawa tena. Mgongo wako vipi, na studio yako ya picha?
Ule mpango wa serikali wa kuwalinda wafanyabiashara wadogo na wezi wa mtandaoni umepita, na nimekuandikisha. Bure kabisa. Mwanzo fundi wa kompyuta angekuja mpaka dukani, ila wabunge walipiga kelele kwamba pesa za umma zinaishia kwenye nauli. Mimi ndiye niliyependekeza mafundi wapige simu tu, kitakachobaki kiende wodi ya wazazi. Bosi amenisifu mbele za watu! Wakikupigia, fuata wanavyokuelekeza.
Binti yako

19 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Mgongo ni ule ule. Hongera kwa kusifiwa. Nimewatangazia wateja mpaka wamenichoka.
Fundi wenu kapiga leo. Ana adabu huyo! Kaniamkia, kaomba neno la siri la kompyuta, nikampa. Kasema nisiizime hadi kesho. Nilimwambia binti yangu yuko ofisini kwenu, akacheka, akasema anakufahamu.
Mama yako

24 Machi
Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeipata sasa hivi na simu yako haipatikani. Chomoa kompyuta ukutani. Sisi tunaanza kupiga mwezi ujao. Huyo si wetu.
Binti yako

11 Aprili
Mwanangu,
Hujambo? Mimi nipo.
Umechelewa. Kesho yake tu baada ya ile simu picha zote zilikuwa zimefungwa, wanataka pesa ndipo wazifungue. Fundi wa mtaani kahangaika siku tatu, mwisho akaniambia, “Pole, mama.”
Wenye picha za harusi za wiki ile wananifokea, hao nawavumilia. Ila mdogo wako! Mwaka wake wa mwisho wote ulikuwa mle, na video ile akiimba kitandani hospitalini. Picha za wateja nilikuwa nikizisafisha kwenye karatasi kwa wakati, zetu nikawa nasema kesho. Kila asubuhi nilimtazama kwanza ndipo nifungue mlango. Sasa namtafuta kichwani, sura haiji vizuri.
Watu wanauliza nilimwaminije mtu wa simu. Nawaambia ni ujinga wangu.
Mama yako

2 Mei
Mama,
Shikamoo. Usiwaambie hivyo. Fundi wetu mmoja mzee aliandika karatasi kutuonya: tukipiga simu, wezi nao watapiga, na mwenye duka hatajua yupi ni yupi. Niliisoma, mama. Nikaitoa kwenye faili kwa sababu ingeua pendekezo langu. Mjinga si wewe. Nataka kuacha kazi. Mwisho wa mwezi nakuja kukuomba radhi ana kwa ana.
Binti yako

9 Mei
Mwanangu,
Marahaba. Kula, usikonde. Kazi usiache, rudisha hiyo karatasi, mwingine asipigiwe kama mimi.
Nimekusamehe. Wewe ni mwanangu, nitakupeleka wapi? Lakini usije. Mlifanana mno, macho na hata kucheka. Nitakutazama nikimtafuta yeye, na wewe utaliona hilo. Ngoja nikuite mwenyewe.
Mama yako

14 Novemba
Mama,
Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu uliponiandikia. Karatasi niliirudisha. Mafundi sasa wanakwenda madukani wenyewe, na wabunge wameanza tena kulalamikia gharama. Jirani yako ameniambia u mzima, nikashukuru.
Mimi pia mzima. Bado nasubiri uniite.
Binti yako