Papa, Anza na Salamu

Liège, baridi bado haijaisha

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama, kisha Bibi, kisha dada yangu Yaya Feza na mume wake na wale watoto wao wenye fujo. Umelalaje? Mguu uliokuwa unavimba umepona? Ziwa limetulia, au bado linarusha maji mpaka kwenye reli? Na Mama? Hapo kwa Mama nasimama kidogo. Anaongea? Anakula mwenyewe? Mkono wa kuume unashika kitu? Habari ya ugonjwa wake nimeipata kwa mtu, ndani ya treni, na tangu siku hiyo sina amani. Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka. Usikasirike nikiandika yote yalivyo, maana hasira nyingine ni juu yako, nyingine ni juu ya watu wangu wa kompyuta, na iliyobaki ni juu yangu mwenyewe.

Unakumbuka nilipotuma dawa za presha za Mama kwa njia ya Kigoma. Ulikwenda kwenye fonie, ile simu ya upepo ya parokia, ukatangaza kwamba mzigo unakuja, boti gani, siku gani, na umefungwa kwa kitenge cha kijani. Papa! Fonie ile wanaisikiliza Moba, wanaisikiliza Manono, na huko Kongolo nadhani watu wanaepua sufuria ili wasipitwe na mambo ya nyumba yetu. Boti haijaonekana bado, wanajeshi wamekwisha jipanga bandarini. Kitenge kikaenda, dawa zikaenda, Mama akakaa bila kidonge. Ndipo nikaapa kuwatengenezea maneno ya siri.

Hapa kazini natunza programu za kompyuta za ghala la vyuma. Kompyuta yangu imeunganishwa kwa waya wa simu na kompyuta za watu wa Finland, Ujerumani, Australia, na kwingine nisikokujua. Humo kuna baraza: mmoja akiandika, wote wanasoma, anayetaka anajibu. Letu ni la watu wa programu na hesabu, wanaojadili namna ya kuficha maneno ili asiyehusika asiyasome. Ni kama fonie, ila hakuna anayesalimia. Tangu niingie, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake ameamkaje. Mtu anafungua mdomo, neno la kwanza ni "Umekosea."

Na wanavyobishana! Kuna Mfini mmoja anayesema kwamba hesabu isiyothibitishwa ni ushirikina mtupu. Mwaustralia anamjibu kwamba hesabu iliyothibitishwa, ikiangukia kwa mwandishi mvivu wa programu, ni mlango wa chuma kwenye nyumba ya majani. Waligombana wiki nzima iwapo namba ambazo kompyuta inazitoa kwa bahati nasibu ni za bahati kweli, mpaka mmoja akaaga kwa hasira, na kesho yake akarudi kueleza vizuri zaidi kwa nini ameondoka. Hao ndio niliowakabidhi siri ya familia, eti wanisaidie.

Siri yenyewe unaijua: kila herufi inageuka namba, kwa kufuata neno moja la ufunguo tunalolijua sisi tu. Yaya Feza alijifunza upesi, akawa anakugeuzia maneno, na fonie inasoma namba tupu mpaka Lubumbashi, ambako wanaziandika na kuwatumia mapadri wa hapa kwa faksi. Niliweka ujumbe wako mmoja barazani nikawaambia, haya, wajuzi, fumbueni. Mwanafunzi mmoja wa Ujerumani, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akauliza swali moja: kwenu watu wakiandikiana wanaanza na nini? Nikamjibu bila kufikiri: na salamu. Salamu gani? Nikamwandikia. Kahawa yangu haijapoa, amekwisha upata ufunguo. Kwa sababu wewe, Papa, kila ujumbe unauanza vilevile: Papa muzima, Mama muzima, Bibi muzima, na kuendelea mpaka kwa kuku. Anayeyajua maneno ya mwanzo anayalinganisha na namba, na ufunguo unatoka wenyewe.

Baraza likawaka moto. Walikujadili wewe, Papa! Mfini alisema kosa si la hesabu, kosa ni la baba. Mwaustralia akasema programu nzuri lazima imvumilie baba wa namna yoyote. Mama mmoja wa Ireland, mpole kidogo kuliko wenzake, akashauri salamu zipanguliwe, leo waanze hawa, kesho wale. Shauri hilo nilikuletea, nawe ukanijibu kwenye fonie waziwazi, bila namba hata moja:

"Unataka nisalimie watoto mbele ya bibi yako? Njo mambo wanakufundisha kule? Miye siko mbuzi wa kuingia mu nyumba ya watu bila hodi!"

Halafu, kabla hujaweka mikrofoni chini, ukauliza kama neno la ufunguo ni lile lile, na ukalitaja.

Papa, nilisoma faksi ile mara mbili. Nikaona Mfini alisema kweli. Nikakuandikia kwa ukali: ufunguo mpya, na salamu basi, hakuna tena, lete ujumbe peke yake. Najua ulinuna. Nilipotuma dawa nyingine nazo zikafika, zilikuja namba chache tu, nikazifumbua: "Mzigo umefika." Nikawaonyesha barazani. Mfini, ambaye hajawahi kumsifu kiumbe, aliandika: "Vizuri." Siku hiyo nilitembea kama bwana harusi.

Kisha ndani ya treni ya Namur nikakutana na Sista Generoza, muuguzi wa huko kwetu, ambaye alikuja kwa mafunzo. Alinishika mikono miwili.

"Pole na mama, mutoto wangu. Anajikaza. Ule upande wa kuume tu njo haujaamuka."

"Upande gani, Sista?"

"Haukujua? Kila asubui tunamuombea ku fonie! Watu wa Moba wanajua, wa Kongolo wanajua!"

Kumbe dawa zilifika kwa siri kamili, kwa mtu aliyekwisha lazwa. Wewe mwenyewe ulitufundisha: mficha maradhi, kilio humfichua. Utasema nilikukataza salamu, na habari ya Mama mahali pake ni kwenye salamu. Kweli nilikukataza. Lakini Papa, tangu lini unanisikiliza?

Niliwaeleza barazani. Nilingoja waanze kubishana. Mfini akaandika: "Mama yako anaendeleaje?" Akafuata Mjerumani, akafuata yule mama wa Ireland, na wengine nisiowajua, wote swali lile lile. Nikazima kompyuta, nikachukua karatasi nikuulize wewe.

Barua hii anaileta Sista mwenyewe. Msalimie Bibi, umwambie nimevaa sweta alilonifumia. Msalimie Yaya Feza, zile namba azitupe. Msalimie mume wake, shemeji yangu wa reli, na Padri anayetuvumilia na fonie yake, na hao wote wanaotusikiliza Moba mpaka Kongolo: waambie asante kwa sala.

Wewe nenda kwenye fonie asubuhi, wakati wote wanasikiliza. Anza na salamu, kwa mpangilio wako. Ukifika kwa Mama usiseme ni muzima kama si muzima. Na siku akiweza kuletwa parokiani, mpe mikrofoni aseme jina langu. Kama mdomo ni mzito, likatoka nusu, mwambie yule anayetuandikia Lubumbashi aandike hiyo nusu.

Mwanao anayengoja faksi,
Kalonda