Meya, Shemeji Yake na Nakala kwa Wajumbe Wote

Alhamisi, Oktoba 2007. Wheaton.

Jua la leo lilikuwa la mapambo tu, linawaka lakini halimpi mtu joto. Miti imeanza kuwa myekundu, na upepo unaokota majani ya mtaa mzima kuja kuyamwaga mlangoni pa duka langu. Kwa kinyozi jirani hayaendi hata moja. Majani nayo yanajua wa kumwonea.

Lakini nina furaha. Acha niiandike kabla haijapoa.

Kwa asiyenijua: nina duka la kutoa nakala na kuskani karatasi, karibu na kituo cha treni. Nilianza na mashine moja ya mtumba iliyokuwa ikitafuna karatasi kama mbuzi. Leo ninazo nne, na zote zina adabu. Sikubebwa na mjomba wala shangazi. Pia mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania wa eneo hili la Marekani, kazi isiyo na mshahara, posho wala asante. Pilau ikizidi chumvi, anapigiwa simu mwenyekiti. Mvua ikinyesha siku ya pikiniki, mwenyekiti hakupanga vizuri.

Mwezi huu nimepata kazi tamu. Mzee Walter, mwalimu mstaafu anayekaa mtaa wa Shaw, mjini, ameniletea vitabu vya barua za meya mmoja wa karne ya kumi na tisa. Mzee ni Mmarekani mweusi aliyefundisha Iringa ujanani mwake, akarudi na Kiswahili sanifu kunishinda mimi. Babu wa babu yake alikuwa tarishi katika ofisi ya meya huyo, kwenye mji fulani wa viwanda mbali na hapa. Ofisi ilipohama, vitabu vikabaki kwa tarishi, na ukoo umevitunza hadi leo. Sasa Mzee anataka picha za kila ukurasa ili avichape vizuri vitoke kitabu.

Enzi hizo, ukishaandika barua yako kwa wino, unaibana pamoja na karatasi nyembamba yenye unyevunyevu, na nakala inabaki kitabuni. Kumbe watu wa kazi yangu walikuwepo kabla ya umeme. Kurasa zenyewe ni laini kama ganda la kitunguu. Nazigeuza kwa mikono miwili huku nimebana pumzi.

Nimempenda meya huyu bure. Watu walimsumbua kama wanavyonisumbua mimi. Mmoja analalamika kuwa bendi inapiga tarumbeta chini ya dirisha lake. Mwingine ana mpwa hodari sana anayefaa cheo chochote, mradi kiwe ndani ya jengo. Mama mmoja anataka barabara yake imwagiwe kokoto kabla ya harusi ya mwanawe. Meya anawajibu wote, kwa upole unaochoma. Halafu ukurasa unaofuata anamwandikia mke wake, aliyekuwa amesafiri, kumwuliza blanketi nene limewekwa wapi.

Hapo ndipo nilipogombana na Mzee Walter. Mimi ni mtu wa mpango. Nilimwambia nitamtengea santuri mbili za kompyuta, moja ya barua za ofisi, nyingine za nyumbani, na kwa kazi hiyo ya kutenganisha kuna gharama kidogo. Akaiweka kofia yake juu ya meza yangu, akaniambia taratibu: "Bibi, naomba usizitenganishe. Zifuatane kama alivyoziandika. Mtu alikuwa mmoja."

Nilinuna. Mteja akikataa huduma unayoona anaihitaji, inauma mara mbili.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kuliandika hapa, ingawa nusu ya wasomaji wangu wanalijua.

Mimi na Mama Subira hatusemezani tangu kiangazi.

Mama Subira ndiye niliyeanza naye nchi hii. Tulisafisha maofisi ya watu pamoja, tukapanga chumba kimoja, tukalala kwa zamu. Binti yake Subira alijifunza kutembea akishika sketi yangu, na mpaka leo ananiita Mama Mdogo. Tangu akiwa mtoto ilishasemwa kwamba siku ya kitchen party yake somo nitakuwa mimi, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya kina mama na kumfunda. Basi Subira anaolewa. Kitchen party ni keshokutwa, huko kwao Manassas. Kadi zimefika kwa watu ambao hata jina la bibi harusi hawalipatii.

Kwangu haijafika kadi.

Chanzo ni masufuria. Jumuiya ina masufuria makubwa matatu ya pilau, na baada ya pikiniki yalibaki gerejini kwa Mama Subira. Ukatokea msiba, tukapikia sufuria za kuazima, na wajumbe wakanipigia mimi kelele. Sasa mtu mwingine angeinua simu. Mimi nilisomea uhazili. Aliyesomea uhazili akikasirika hasemi, anaandika Kumb. Na.

Nikaandika. YAH: KUREJESHWA KWA MASUFURIA MAKUBWA MATATU PAMOJA NA MIFUNIKO YAKE. Nikaanza na "husika na somo tajwa hapo juu", nikampa siku saba za utekelezaji. Chini kabisa, kama mwalimu wangu alivyotufundisha, nikaweka Nakala: Wajumbe wote. Nikabonyeza. Ikaenda kwenye kundi zima la barua pepe, kuanzia Baltimore hadi kwa wale waliohamia Texas wakasahau kujitoa.

Jibu lilikuja, nalo lina Kumb. Na. yake, sijui ya faili gani. Kwamba masufuria yapo salama na ni masafi. Kwamba jumuiya imtume mtu aliyeidhinishwa, mwenye barua ya utambulisho, aje kuyachukua. Kwamba kuanzia tarehe ya barua hiyo, mawasiliano yote baina yetu yawe kwa maandishi. Nakala: Wajumbe wote.

Hakuna aliyetumwa. Hakuna aliyepiga simu. Mimi nilikuwa na haki, na haki yangu nikakaa nayo hapa dukani, tukitazamana.

Leo asubuhi nimefika kwenye kurasa za meya na shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mke wake, alikuwa na duka la mbao, na mbao zake alizirundika kwenye njia ya waenda kwa miguu. Watu wakalalamika. Meya akamwandikia barua kali: ama azitoe, ama ofisi itume watu wazitoe. Ndugu, barua ile haina shemeji ndani yake. Imenyooka kama rula. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenzangu, huyu kasoma uhazili.

Nikageuza ukurasa. Tarehe ile ile, na mtu ni yule yule. Meya anamwambia kwamba ile nyingine imetoka ofisini na hana namna ya kuipunguza makali, lakini hii inatoka nyumbani: Jumapili wanachoma bata bukini, aje na watoto wote, na mezani mbao zisitajwe na mtu yeyote.

Nikacheka peke yangu mpaka mteja aliyekuja kutoa nakala ya pasipoti akaniuliza kama niko salama.

Halafu sikucheka tena. Kama ningezitenga zile barua kwenye santuri mbili, moja ingelala huku na nyingine kule, na nisingejua kamwe kwamba zilitoka mkono mmoja siku moja. Ningemsifu meya kwa ukali wake tu. Na mimi ile barua ya kwanza nimeituma. Ya pili iko wapi?

Nilichukua karatasi niiandike. Nikaandika "Mpendwa Mama Subira", nikaona mkono unataka kushuka mstari wa chini uandike YAH. Nikaikunja. Mkono wangu siuamini.

Saa nane nikafunga duka. Mimi, ninayefungua hata siku ya theluji.

Barabara ya kwenda Manassas ilikuwa imeziba kama kawaida yake, na nilipata muda mrefu wa kugeuza gari, ila hapakuwa na pa kugeuzia. Nilijipangia maneno ya kila namna. Nilipofika mlangoni nikakuta yote yamekwisha.

Mama Subira akafungua mwenyewe, kanga kifuani, mikono inanuka vitunguu swaumu. Akanitazama kuanzia viatu.

"Nani kaja?" akauliza. "Mwenyekiti, au mtu?"

Nikamwambia, "Mwenyekiti nimemwacha Wheaton."

"Afadhali. Yule mama ana mdomo."

"Hata mimi ananichosha," nikasema.

"Ingia basi, unaniingizia baridi."

Nikaingia. Jikoni kulikuwa na masufuria matatu makubwa ya jumuiya, yamejaa, moja liko motoni. Nikayaona. Akaniona nikiyaona. Akanisukumia bakuli la vitunguu maji na kisu, nikaketi nikaanza kumenya, kama tulivyokuwa tukimenya zamani.

Tukamsema Mwenyekiti kama mtu ambaye hayupo. Mama Subira alisema masufuria angeyaleta siku ile ile, kwa gari lake na mafuta yake, lau yule mama angenyanyua simu. Kilichomkata maini ni zile nakala. "Shemeji yangu wa Texas alinipigia usiku kuniuliza nimeiba sufuria gani," akasema. "Texas, shoga. Watu waliondoka hapa siku nyingi wakijua mimi ni mtu mwema."

Nikamwambia lile la nakala lilikuwa kosa, na kosa ni langu, si la yule wa Wheaton. Nikamwambia nimekuwa nikimkumbuka. Nilisema nikiangalia kitunguu, maana kinampa mtu cha kusingizia machozi.

Akakoroga sufuria.

Halafu nikaharibu. Nikasema, "Ila kweli masufuria yalikuwa yamechelewa."

Akageuka na mwiko mkononi. "Huyo si umesema umemwacha Wheaton?"

Tulicheka hadi Subira akashuka ngazi kuja kuona kuna nini. Aliponiona akanikumbatia kwa nyuma, akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini nimekawia hivyo, utadhani nimechelewa kwa foleni tu. Yeye Kiswahili anasikia chote, kukijibu ndiyo kazi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba barabara ilikuwa mbaya. Si uongo.

Alipopanda tena juu, nikamwambia mama yake ukweli ulionileta: kwamba nimekaa nikisubiri kadi, na nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba Jumamosi nitafungua duka na kujifanya sijui ni siku gani.

Mama Subira akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kadi ni za wageni," akasema. "Somo anapewa kadi?"

Nikakiweka kisu mezani.

"Nilijua utakuja," akaendelea. "Nilikuwa nakasirika tu kwamba hujaja bado."

Akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na mfuko. Ndani kulikuwa na kitenge cha sare, samawati yenye maua ya njano, na kikaratasi chenye jina langu kimebanwa kwa pini. Si Mwenyekiti. Jina langu. Alikuwa amekikata zamani pamoja na vya kina mama wengine, akakiweka kabatini wakati wote huu tuliokuwa tunaandikiana Kumb. Na.

Nikakikunjua pale pale jikoni. Kikaenda, kikaenda, kikafika mlangoni. Nikamuuliza hiki ni changu peke yangu au nagawana na ukoo. Akasema amenikadiria kwa macho.

Kwa macho yapi, jamani. Nimerudi nyumbani nimejitazama kwenye kioo, mbele na ubavuni, na nasema hadharani kwamba mwanamke yule amenionea. Kitenge kile kinatosha gauni, kilemba, na pazia la dirisha dogo.

Kimelala hapa mapajani wakati naandika.

Gauni halijashonwa na siku iliyobaki ni moja. Kesho duka litachelewa kufunguliwa, wateja wanune wanavyotaka, mimi nitakuwa nimegonga kwa yule fundi Mkongo wa barabara ya pili kabla hajanywa chai yake, nimbembeleze kwa Kiswahili chake na changu. Akikubali, vema. Akikataa, nitajifunga hivyo hivyo kama kanga na kusimama mbele ya kina mama wote. Subira atajua ni mimi.