Nondo ya Nne

Nyumba ileile,
Ghorofa ya tatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko ulipo, na bega lako lile linalokusumbua kila ukibeba mtungi wa hewa? Mimi ni mzima. Sikio la kushoto bado linaziba nikizamia, lakini la kulia linafanya kazi ya mawili.

Mama hajambo. Tangu mwezi wa kwanza anakaa kwa kaka, maana ngazi za hapa zilimshinda. Juzi nilimpigia simu akaniambia, "Wewe kaa na meli yako iliyokufa, mimi niko na wajukuu walio hai." Kwa hiyo nyumba nzima ni yangu. Meza ya chakula imejaa mafaili ya ofisi ya mambo ya kale. Nakula nimesimama jikoni.

Bado nazamia kila mwezi kwenye meli yetu ya kale iliyozama. Uliposafiri nilipewa mwenzangu mpya, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Ni mtu makini, ila maneno anayabania. Nikimuuliza maji yalikuwaje huko chini, anajibu, "Maji." Basi, tunarudi nchi kavu hivyo hivyo.

Habari yenyewe ni hii. Ile kampuni inayochota mchanga na kokoto baharini inaomba leseni yake iongezwe miaka mitano. Duara letu la hifadhi la mita mia kuizunguka meli wanaliheshimu. Sijawahi kuwakuta ndani. Wanachota ukingoni, na shimo lao sasa lina kina cha mita sita. Ukichota sukari upande mmoja wa kopo, ya upande wa pili nayo huteremka. Ndivyo mchanga uliofunika meli unavyoteremkia shimoni. Mwezi uliopita nilihesabu mbavu saba za mbao zikiwa wazi. Mbili zimeshatobolewa na wadudu. Nilizigusa kwa kidole, kikaingia.

Nimeiomba kamati ya leseni duara liwe la mita mia tano. Ushahidi wangu ni zile nondo nne tulizopigilia kando ya meli miaka sita iliyopita. Utakumbuka, mwaka ule wa kwanza sikio lilinizuia, kwa hiyo mara zote nne ulishuka wewe na futi kupima kila nondo imechomoza kiasi gani juu ya mchanga. Mimi nilikaa kwenye boti nikiandika daftarini ulichonitajia. Wakati ule zilichomoza sentimita arobaini na kitu. Leo zote zimepita mita moja.

Alhamisi tulikaa mbele ya kamati. Wakili wa kampuni alifungua daftari letu akasoma nondo ya tatu: arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na tatu, arobaini na sita. Kisha akasoma ya nne: vilevile, mara zote nne. Akavua miwani. "Dada, hizi nondo ni mapacha?" Wajumbe wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama saini iliyo chini isingekuwa yangu.

Mchanga wa pande mbili za meli haulingani hivyo mara nne. Nilipaswa kuliona hilo mwaka uleule. Nondo ya nne iko upande wa mkondo mkali, na nakumbuka ulivyokuwa ukipanda haraka baada ya ya tatu, ukisema hewa inaisha. Sikukuuliza. Sikio liliniuma, nilitaka turudi. Kosa ni langu kama lilivyo lako.

Mwenyekiti ametoa siku kumi na nne. Anataka aliyepima aandike kwa mkono wake ni vipimo vipi alivisoma kwa macho, na vipi hakuvisoma. Nondo tatu za kweli zitatosha. Nilimuuliza, akasema zitatosha. Bila hayo maandishi, daftari lote linawekwa kando, leseni inapita, na bomba lao linaendelea kuchota pale pale.

Najua nakuomba nini. Huko unakagua nguzo za madaraja chini ya maji, na kazi yako nzima inasimama kwa sababu watu wanaamini namba unazoleta. Maandishi yako yatawekwa wazi, yeyote ataweza kuyasoma. Ijumaa niliandika karatasi nikidai kwamba mimi ndiye niliyeshuka. Niliisoma mara mbili, nikaichana. Ingekuwa uongo juu ya uongo.

Kama uliifikia nondo ya nne, andika hivyo, nami nitasimama nawe. Kama hukuifikia, andika hivyo pia. Usijieleze sana, mistari mitatu inatosha. Anwani ya mwenyekiti iko nyuma ya karatasi hii.

Msalimie sana wifi yangu. Binti yako mwambie shangazi anauliza kama ameshaota meno ya mbele. Kaka na shemeji yako wanakusalimu, na Mama anasema ule vizuri, kwenye picha umekonda. Mungu akulinde kila unaposhuka majini, akupandishe salama.

Na hata ukiamua kutoiandikia kamati, usiache kuniandikia mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku zote.