Mkataba Ambao Bonifasi Hakuonyeshwa

Buzebazeba,
S.L.P. 419,
Kigoma.
13 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Jeremia,

"Kaka, Bonifasi alisaini mwenyewe, kwa hiyo amekubali kila kitu kilichomo kwenye mkataba mkuu." Hayo ni maneno ya barua yako, na nitayajibu. Kwanza afya zenu. Rozalia hajambo? Na watoto? Sisi tunapumua tu.

Unajua kwamba mwanzoni mwa Februari ukuta wa zahanati kambini ulimwangukia Anatoli, yule mkimbizi wa Kikongo aliyekuwa fundi wa shemeji yetu Bonifasi, akafa. Tarehe 19 ya mwezi huo injinia wa kampuni yenu ya ujenzi akaandika kwamba Bonifasi alijenga vibaya. Bonifasi anasema saruji mliyomletea ilikuwa imenyeshewa, imeganda mabonge, na msimamizi wenu alimwamuru aiponde aitumie hivyo hivyo. Mama yake Anatoli haitikii tena salamu ya Bonifasi. Dada yetu Stephania ameacha kwenda Kibirizi kununua dagaa, maana wanawake wanasema akisikia: "Mke wa muuaji huyo."

Bonifasi alifanya kama afanyavyo kila fundi wa hapa: alipeleka shauri kwa wazee wa kata. Mara mbili msimamizi wenu alikuja kwa adabu. "Shikamooni wazee wangu. Naomba tuahirishe, bosi yuko safarini." Mzee Filemoni akamwagizia soda. Jana, mara ya tatu, akacheka.

"Wazee, mmepoteza muda. Kesi hii ni ya msuluhishi wa Dar es Salaam. Siku ishirini na nane tangu injinia aandike zikipita bila malalamiko kufika huko, neno la injinia ndilo la mwisho."

"Na soda zetu ulikuwa unakunywa za nini?" akauliza Mzee Filemoni.

Hakuna aliyecheka.

Sasa nikujibu. Karatasi ya Bonifasi ni ukurasa mmoja. Inasema kazi itafanywa "kwa masharti ya mkataba mkuu." Kazi, Jeremia! Vipimo, kina cha msingi, kiasi cha mchanga na saruji, hayo sawa. Lakini mahali pa mtu kusikilizwa, na siku alizopewa, hapaingizwi kwa sentensi moja ya jumla. Panaandikwa waziwazi, anasomewa, ndipo asaini. Krismasi uliniambia mwenyewe kwamba mkataba mkuu ni wa shirika la wakimbizi na kampuni tu, na kwamba umefungiwa kabatini ofisini kwenu. Karatasi ya Bonifasi uliichapa wewe. Alikubali vipi kitu ulichokifungia?

Hata hivyo sitaki nishinde hoja huku shemeji akiangamia. Siku ya mwisho ya hizo ishirini na nane ni Jumatano, tarehe 19 mwezi huu. Jirani yetu Skolastika anapanda treni leo kuja huko Dar es Salaam, atakukabidhi barua hii. Ndani ya bahasha hii kuna malalamiko ya Bonifasi, na sahihi yake.

Mama na Stephania wanawasalimu. Mungu awalinde nyote.

Jumatatu asubuhi, kabla hujaingia ofisini, mpelekee msuluhishi malalamiko hayo yagongwe muhuri. Kisha andika kwa mkono wako, utie sahihi, kwamba Bonifasi hakuonyeshwa mkataba mkuu. Rozalia, usimzuie kwa hofu ya kazi. Mwenzenu anazikwa akiwa hai. Nitumieni simu ya maandishi yenye neno moja tu: yamepokelewa.

Ni mimi kaka yako, nikukaripiaye kwa kuwa nakupenda,
Feliksi