Kurasa Nilizoziruka

Jumatatu, 3 Machi
Mama Vifungo amerudi kazini. Likizo yake ya uzazi ilikuwa iishe mwezi wa nne. Mtoto aliishi wiki tano tu. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa yeye ndiye anayeshona vifungo vya sare hapa karakanani, zamani kabla hajawa mama wa mtu. Leo kila anayetaka kumwita anajing'ata ulimi. Na mimi, niliyekaa naye meza moja miaka sita, nimemwambia nini? "Karibu tena." Kama mtu aliyetoka matembezini! Najichukia.

Jumanne, 4 Machi
Zamu ya kusoma bado ni yangu. Utaratibu wetu wa siku zote — baada ya chai mmoja anasoma kwa sauti saa nzima, wengine wanashona na kugawana kola ambazo angeshona yeye. Kitabu ni kile kinachomhusu mke wa mpiga chapa. Mzee wa pasi anadai vitabu vyangu vyote ni wanawake kulia tu. Nikamuuliza mbona pasi yake husimama nikifika penye utamu. Akacheka, akakohoa.

Navipenda kwa sababu vinasema yale ambayo majumbani kwetu tunayameza pamoja na chai. Huyu mwandishi anajua. Nimetangulia kusoma sura ya kesho: mtoto wa yule mke anakufa kwa homa. Maziwa hayakatiki. Anayakamua kwenye beseni, mama mkwe anamwambia atazaa mwingine. Nililia mpaka pua ikaziba. Halafu nikakumbuka — asubuhi nilimkuta Mama Vifungo chooni, anabadilisha kitambaa alichokikunja ndani ya blauzi.

Nitaisomaje?

Jumatano, 5 Machi
Sikuisoma. Nilipofika kwenye homa mdomo ukaenda wenyewe. Homa ikashuka, mtoto akanyonya, akalala. Hakuna aliyeshtuka. Mama Vifungo hakuinua kichwa, ila sindano yake ilisimama kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoto ameota jino! Nimempa na kikohozi, wasije wakanishuku. Sasa nina kazi ya kulea.

Mama Vifungo ameuliza kama anatambaa. Tangu Jumatatu hajafungua mdomo ila kuomba uzi. Nikasema bado. "Mwache, asiharakishwe," akasema. Nimerudi nyumbani na furaha, nikijiona nimetenda jema.

Jumatatu, 10 Machi
Ametembea. Kutoka mguu wa meza hadi kwa mama yake, hatua nne. Wenzangu wakapiga makofi. Mama Vifungo akaweka shati chini, akatoka nje. Mzee wa pasi anasema labda ni mvuke umemzidi. Si mvuke.

Mwandishi aliweza kumzika. Mimi nimeshindwa hata na neno pole. Mwezi mzima tangu afiwe!

Jumanne, 11 Machi
Naandika wakati wa chai.

Mama Vifungo kanifuata bombani nikiosha kikombe. "Dada, tangu Jumatano hufunui kurasa."

Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Akasema alijua siku ile ile, homa ya mtoto haishuki kirahisi hivyo. Nikamuuliza mbona alininyamazia.

"Nilitaka kuona atafika wapi."

Hapo ndipo nikamwambia pole. Ilitoka vibaya, imekatika katikati. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kwao hakuna anayemtaja mtoto tena. Wifi amegawa vinguo vyote, hata soksi, eti asikae akiviangalia. Akasema kama wa kitabuni alikufa, basi nimsome anavyokufa, wote wasikie. Yeye kusema mwenyewe hawezi.

Nikamwambia kuna maziwa. Kuna na beseni.

"Soma na beseni."

Kengele imelia. Wamerudi kwenye cherehani. Mama Vifungo amevuta kigoda chake mpaka kimegusana na changu, na kola zangu zote amezichukua mapajani mwake. Nimefungua ukurasa wa homa. Aliye mbele yangu ameshaona nimerudi nyuma, anauliza kwani mtoto hakuwa anatembea? Mzee wa pasi ametuangalia sisi wawili, amezima pasi.

Bado naandika. Mama Vifungo ananiambia niweke kalamu.