Pombe Ambayo Mama Hakunywa

Usinge, Jumamosi alasiri. Mvua ilianza alfajiri na sasa yamebaki manyunyu.

Sijawahi kunusa pombe kinywani mwa mama yangu. Hata siku moja. Lakini wazee wa kanisa waliponiuliza kama nimewahi kuinusa, niliitikia kwa kichwa.

Kwamba niliitikia, wazee wanajua. Kwamba nilidanganya, sijamwambia mtu yeyote, ila sasa daftari hili.

Nimekaa upenuni. Mama amelala ndani. Kesho asubuhi lori la serikali litakuja kumchukua kumpeleka hospitali ya malale, na dresa, tabibu msaidizi wa serikali, amesema mgonjwa anasindikizwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mimi. Nimekwisha kumfungia kanga zake mbili, blanketi na sufuria ndogo. Kazi zimekwisha, na naogopa kukaa bure, ndiyo maana naandika.

Nilipokuwa mdogo, mama ndiye aliyeamka kabla ya watu wote huku kwetu. Alinivua blanketi bila huruma na kuniuliza, "Jua limetoka, wewe bado umelala?" Kisha alinitajia babu yake, ambaye alikuwa pagazi na alibeba pembe kutoka Ujiji kwa njia hii hii inayopita nyuma ya kanisa. Alisema watu wa ukoo wake hawakutwi na jua kitandani. Sijui kama huyo babu alibeba pembe kweli. Mimi niliamini, na niliamka.

Wageni walipokuja, mama ndiye aliyenisemea. Mimi niliwaamkia nikitazama vidole vya miguu yangu, sauti haitoki, na mama alicheka akasema, "Amesema shikamoo, mmsamehe, ameimeza." Hata sasa nina miaka kumi na saba na bado nazimeza.

Mwaka jana nilikuwa darasa la nane, shule ya bweni Tabora. Mama alianza kubadilika nikiwa huko, sikuona. Nilichokiona kwanza ni siku ya kufunga shule.

Wazazi walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa anagawa zawadi. Mimi nilikuwa nimepata zawadi ya ushonaji, na tangu asubuhi nilikuwa naogopa kwamba nitatembea peke yangu mbele ya watu wote wale. Jina langu lilipoitwa nilisikia kishindo nyuma yangu. Nikageuka. Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi. Alikuwa amelala usingizi, mchana, mbele ya wageni, na karanga alizoniletea zilikuwa zimemwagika kutoka kapuni, zinabingirika mpaka kwenye viatu vya yule mama wa Kizungu. Kilemba kilikuwa kimemvuka. Alijaribu kuinuka, akayumba, akaangalia huku na huku kama mtu asiyejua yuko wapi.

Watu walicheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Mimi nilitembea mbele. Nikapokea mkasi wangu, nikapiga goti, nikashukuru kwa Kiingereza kama tulivyofundishwa. Aliyemwinua mama ni Mama Yusta, jirani yetu, ambaye binti yake anasoma madarasa mawili nyuma yangu. Yeye na mama walikuja pamoja kwa treni. Alimfunga kilemba upya, akaokota karanga moja moja.

Jioni ile bwenini msichana mmoja aliniambia, "Debora, mama yako kaanza sikukuu mapema." Mwingine akamjibu, "Mwacheni mama wa watu, treni inakausha koo." Nilicheka pamoja nao. Hilo nalo liandikwe.

Niliporudi nyumbani nilikuta mambo yameharibika. Mama alisinzia mbele ya jiko mpaka ugali ukaungua. Alinikemea kwa jambo dogo, halafu alilia, halafu alisahau kwa nini analia. Kanisani alilala wakati wa mahubiri, na alipokwenda kwenye Meza ya Bwana aliyumba akashika koti la Mzee Nathanaeli. Mzee Nathanaeli ni mkubwa wa wazee wa kanisa letu, na koti lile analivaa Jumapili tu. Sisi Wamoraviani wa huku, mtu anayelewa hakaribii Meza. Kila aliyeona alijua anachokiona, au alidhani anajua.

Wiki moja kabla ya Krismasi waliniita kwenye chumba cha wazee, peke yangu. Walikuwa wawili, Mzee Nathanaeli na Mzee Simeoni. Hawakuwa wakali. Mzee Nathanaeli aliniambia nisiogope, wanataka kumsaidia mama yangu. Akaniuliza kama nimewahi kunusa pombe kwake.

Sasa nitasema kwa nini, kama najua. Nilikuwa bado naona zile karanga zikibingirika. Nilimkasirikia mama. Na nilidhani kwamba ikiwa ni pombe, basi wazee watamkemea, ataona haya, ataacha, na asubuhi moja atanivua blanketi tena na kuniuliza habari za jua. Ulevi una dawa. Kile kingine nilichokuwa nakiona sikujua jina lake.

Niliitikia kwa kichwa.

Kumbe jina lake nililijua. Mwaka jana huo huo tulifundishwa habari za mbung'o. Nilimchora na mabawa yake yamelaliana kama makali ya mkasi, nikaandika chini yake: homa, kichwa kuuma, uvimbe shingoni, usingizi wa mchana. Nilipata alama zote. Lakini malale kwetu yalikuwa jambo la zamani. Serikali ilituhamisha kutoka msituni nikiwa mtoto na kutupanga hapa mistari mistari, ikatuambia ugonjwa tumeuacha kule. Hakuna aliyejua kwamba mama alikuwa anarudi kwa siri kwenye mahame yetu kule msituni, kupalilia kaburi la baba. Alilisema juzijuzi tu, dresa alipomuuliza.

Basi mama alitengwa. Jina lake lilisomwa kanisani Jumapili kabla ya Krismasi, naye alikuwa amekaa pale pale, macho wazi siku hiyo kuliko siku zote.

Wazee hawamtaji aliyesema. Mama alitafuta mwenyewe, akampata Mama Yusta. Nani mwingine? Ndiye aliyekuwa naye Tabora, ndiye aliyemwona akianguka. Wanawake hawa wawili walikuwa wanatwanga kwenye kinu kimoja tangu sijazaliwa, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na mapigo yao yalikuwa sawasawa hata ukisikiliza ukiwa mbali huwezi kujua ni watu wawili. Mama alikibingirisha kinu mpaka uani kwetu. Mama Yusta alipokuja kuuliza kuna nini, mama alimwambia, "Nenda kawaulize wazee wako." Akamgeuzia mgongo.

Tangu hapo alitwanga peke yake. Pigo moja, kimya, pigo moja. Siku moja kimya kilizidi, nikatoka, nikamkuta amelala akiwa amesimama, ameegemea mchi.

Nilisimama nikamtazama. Sikusema kitu siku hiyo wala siku zilizofuata.

Wiki iliyopita akaja dresa na wenzake, wa kupapasa watu shingo. Walikaa chini ya kibanda cha soko na kila mtu alipita mbele yao. Mama nilimpeleka nimemshika mkono. Dresa alimpapasa nyuma ya shingo, akaacha, akapapasa tena. Akamtoboa kidole, akaitazama damu kwenye hadubini. Kisha aliniuliza mimi tangu lini mama analala mchana. Nikasema tangu kabla ya Krismasi.

"Na nyie mlifikiri ni nini?"

Mzee Nathanaeli alikuwa kwenye foleni, watu wawili nyuma yetu.

Leo wazee wamekuja nyumbani, wote wawili, wamelowa. Walitaka mama arudi kundini kabla lori halijaja, ili kama Mungu akimwita akiwa huko asiende akiwa ametengwa. Nilimwamsha. Siku hizi anaamka vizuri mara moja tu, mchana, kwa muda mfupi, kisha maneno yanaanza kumpotea. Leo aliamka safi kabisa. Mzee Nathanaeli alimwomba radhi kwa niaba ya kanisa. Mama alisema amewasamehe.

Lakini kuna utaratibu. Anayerudi kundini lazima awe amepatana na kila mtu aliyekosana naye. Mama Yusta aliitwa. Aliingia na gunia kichwani la kujikinga mvua, akasimama karibu na mlango. Mama akajifunika uso kwa kanga, akasema hampi mkono mtu aliyemsingizia mpaka akiri. Mzee Simeoni alimsihi. Akakataa. Alisema yuko tayari kwenda vile vile alivyo.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, nimemwegemeza kifuani pangu. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni, au ulikuwa wangu. Wazee walinitazama. Walijua. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua, na shikamoo zote nilizowahi kumeza zilikuwa humo.

Ndipo Mama Yusta akasema, "Ni mimi, Mama Debora. Mimi ndiye niliyesema. Nisamehe."

Wazee walitazamana. Mzee Nathanaeli akainama, akaanza kufuta matope kwenye kiatu chake, polepole, kama ni kazi aliyotumwa.

Mama alishusha kanga. Akamtazama Mama Yusta, akanyoosha mkono. "Umenipa sifa ya pombe nisiyoijua hata ladha," alisema. "Nikirudi uniletee kibuyu kizima, nionje nilichotengewa."

Mama Yusta alicheka huku machozi yanamtoka. Hata Mzee Simeoni alitabasamu. Waliomba, walimwekea mkono kichwani, na mama akarudishwa kundini kwenye kitanda chake cha kamba.

Kisha, wazee wakiwa tayari wamesimama, alisema jambo moja zaidi. Sauti ilikuwa imeanza kumpungua. Alisema usiku na mchana alikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu, na sasa imemtoka.

"Namshukuru Mungu," alisema, "kwamba hakuwa mtu wa nyumbani kwangu."

Akalala, mkono wake ungali mkononi mwa Mama Yusta.

Nilimfuata Mama Yusta nje, kwenye mvua. Nikamuuliza tu alijuaje. Akasema siku ile ya Desemba alikuwa anafagia uwanja wa kanisa, akaniona nikitoka chumba cha wazee, na niliinamisha kichwa njia nzima mpaka nyumbani. "Miezi yote hii nilikuwa nakungoja wewe uje useme," aliniambia. "Leo muda umekwisha."

Nikaanza kulia. Hakunishika. Alisema, "Nimesema uongo mbele ya wazee wa kanisa, Debora, na Jumapili ijayo itabidi niende Mezani nao. Usinililie. Nenda kamtazame mama yako."

Kisha alikibingirisha kinu kurudi kwake. Matope yameacha mstari kutoka uani kwetu mpaka kwao. Nauona kutoka hapa nilipokaa.

Nimefikiri sana tangu wakati huo. Nikimwambia mama ukweli, nitampokonya kitu pekee alichopata leo. Nisipomwambia, Mama Yusta ataendelea kuitwa msingiziaji, na mama atakwenda huko akinishika mimi mkono, akidhani anajua ameshika mkono wa nani. Dresa hakuficha. Wengine wanarudi, amesema, wakiwahiwa. Halafu akaniuliza tena lini ilianza, akaandika, wala hakusema kama sisi tumewahi.

Kesho nitakaa kando yake kwenye lori. Akiamka ataniuliza kama jua limetoka, kwa sababu hilo bado hajalisahau. Nitamjibu. La zaidi ya hilo sijui kama nitaliweza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, sikujui, na labda umeliokota daftari hili mahali. Ukimkuta mwanamke mrefu, mwenye kovu dogo kidevuni, anayesimulia habari za babu yake pagazi, ujue kwamba amepona. Mwamkie. Mkalishe chini asimulie.

Ila nakuomba, usimwambie. Acha nimwambie mimi.